Kuchora kwa Kanuni: Mwongozo wa Kufundisha Fraktali na Msimbo

Kipindi cha kwanza usiwashe kompyuta. Nenda darasani na majani machache ya mlonge, kila meza jani moja zima, uwaambie wanafunzi walitazame kabla ya kuligusa. Kisha wachume kijiti kimoja cha pembeni na kukilinganisha na jani kilikotoka. Watakuta vinafanana. Wachume tena kitawi kimoja kwenye kile kijiti, nacho kinafanana na kijiti. Wakiendelea hawafiki mbali: wanakutana na jani dogo la mviringo ambalo halina tena cha kuchumwa. Ukiweza, ongeza jani la mkrismasi, ule mti wa maua mekundu unaopandwa kwenye viwanja vya shule. Nalo hugawanyika kwa mtindo uleule, ila linaishia mapema kuliko la mlonge.

Hapo darasa limekwisha kupata mambo mawili litakayoyahitaji hadi mwisho wa somo. La kwanza, yako maumbo ambayo sehemu yake ndogo inafanana na umbo zima. La pili, kufanana huko kuna ngazi ya mwisho, mahali ambapo kitu kinaacha kugawanyika. Benoit Mandelbrot, mwanahisabati aliyezaliwa Warsaw mwaka 1924, ndiye aliyeyapa maumbo haya jina la fraktali, mwaka 1975. Jambo la pili walimu wengi hulipita haraka, na ndilo litakaloamua kama programu ya mwanafunzi itachora au itakwama.

Nasisitiza majani na penseli kwa sababu fraktali ina hatari yake darasani: picha yake hupendeza mapema mno. Mwanafunzi ananakili mistari kumi na mitano ya msimbo, anabonyeza kitufe, mti mzuri unaota kwenye skrini, wenzake wanashangilia, naye hajui hata namba moja mle ndani inafanya kazi gani. Hapo hajachora chochote. Sanaa ya msimbo ni kutunga kanuni na kuchagua namba zake, kwa hiyo kanuni ikae kwanza mkononi mwa mwanafunzi, mashine ifuate baadaye.

Vera Molnár, mchoraji mzaliwa wa Budapest aliyeishi Paris, alipita njia hiyo hasa. Miaka kadhaa kabla ya kupata kompyuta alikuwa akijitungia kanuni na kuzifuata kwa mkono, hatua kwa hatua, yeye mwenyewe akishika nafasi ya mashine. Alipoanza kutumia kompyuta mwaka 1968 tayari alijua anataka kuiamuru nini. Alifariki Desemba 2023 akikaribia miaka 100, na sehemu kubwa ya kazi yake ni miraba na mistari tu. Waonyeshe wanafunzi picha zake mapema, hata kwa kuzichora ubaoni, ili wasidhani kwamba sanaa ya kompyuta lazima iwe na mng'aro.

Pembetatu ya darasa zima

Kwa bikari na rula, kila mwanafunzi achore pembetatu yenye pande sawa, kila upande sentimita 16. Nimechagua 16 kwa sababu inagawanyika kwa mbili bila kuleta sehemu: 8, 4, 2, 1. Anatafuta katikati ya kila upande, anaziunganisha nukta tatu, na ile pembetatu ya katikati anaipaka rangi. Zimebaki tatu nyeupe pembeni. Kila moja anaifanyia vilevile, na zitakazobaki vilevile, mpaka afike kwenye pembetatu za upande wa sentimita 1. Hapo anaacha, na akihesabu nyeupe anazikuta 81. Hii ndiyo pembetatu aliyoieleza Wacław Sierpiński wa Poland mwaka 1915.

Sasa wakate kwa mkasi. Pembetatu za wanafunzi watatu zikipangwa, mbili chini na moja juu, zinatoa umbo lilelile kwa kipimo kikubwa, na pengo la katikati linajitokeza lenyewe. Makundi matatu ya namna hiyo ni pembetatu 9, na 9 mara tatu ni 27. Wanafunzi 27 wanaweza kubandika ukutani pembetatu yenye upande wa sentimita 128. Darasa likiwa kubwa zaidi, waulize zinahitajika ngapi ili kupanda ngazi moja tena, na uwaachie muda wabishane. Wengine watasema 30, wengine 54. Jibu ni 81, na anayelipata kwa kufikiri hatakuwa na shida siku ukimwonyesha kwa nini programu yake inakuwa nzito ghafla.

Zoezi la pili ni mstari wa Koch, uliobuniwa na Helge von Koch wa Sweden mwaka 1904. Karatasi ya A4 ilazwe, mwanafunzi apige mstari wa sentimita 27. Mstari unagawanywa sehemu tatu za sentimita 9. Sehemu ya katikati inafutwa, na mahali pake panachorwa pande mbili za pembetatu inayochomoza nje. Sasa kuna vipande vinne vya sentimita 9, na kila kimoja kinafanyiwa vilevile, vikawa vya 3, kisha vya 1. Wanafunzi watatu wakiunganisha mistari yao wanapata nyota yenye ncha juu ya ncha.

Hapa kaa na darasa, usikimbie. Waandike mzingo wa nyota kwa kila hatua: 81, 108, 144, 192. Kila mara unaongezeka kwa theluthi moja ya ulivyokuwa. Waulize utaishia wapi. Hauishii, ukiendelea na kanuni, mzingo unapita kipimo chochote utakachotaja. Waulize tena: na eneo je? Eneo linakataa kuzidi mara 1.6 ya pembetatu ya mwanzo. Mstari usio na mwisho umezunguka shamba lenye mwisho, na wamelichora wenyewe kwenye karatasi. Nimeona wanafunzi wanaosema hawapendi hesabu wakikataa kutoka darasani kengele ikishalia kwa ajili ya swali hili, kwa hiyo lipe nafasi yake.

Mwalimu wa jiografia akikubali, muazime kipindi kimoja. Mwaka 1967 Mandelbrot alichapisha makala iliyouliza pwani ya Uingereza ina urefu gani, na hoja yake ilikuwa kwamba jibu linategemea urefu wa rula unayopimia. Huna haja ya kwenda Uingereza. Chukua ramani ya visiwa vya Lamu au ya delta ya Rufiji, fungua bikari sentimita 4, tembeza kwenye ufuo huku ukihesabu hatua, kisha rudia kwa sentimita 2, halafu 1. Kadiri hatua inavyokuwa fupi inaingia kwenye vijito na ghuba ambazo ile ndefu iliziruka, na pwani inarefuka.

Mkeka, kanga na ukweli

Mwalimu anayetaka kulifikisha somo nyumbani huleta mkeka au kanga na kusema, tazameni, fraktali yetu. Nia ni njema lakini mara nyingi si kweli, na mwanafunzi makini atakukamata. Mapambo mengi ya mkeka na ya pindo la kanga ni marudio: umbo lilelile, kwa ukubwa uleule, likipangwa moja baada ya jingine. Fraktali inataka umbo lirudi likiwa dogo ndani ya lenyewe. Wape wanafunzi kipimo hiki rahisi: sogeza jicho karibu, je, unaona tena lile umbo kubwa, au unaona nyuzi tu?

Mfano wa kweli wa Kiafrika upo, na hauhitaji kulazimishwa. Ron Eglash, mtafiti wa Marekani, alichapisha mwaka 1999 kitabu kuhusu fraktali za Afrika, na kati ya mifano yake ni vijiji vya Waila wa kusini mwa Zambia. Kila boma lilikuwa duara lenye lango, vyumba vidogo vikiwa karibu na lango na vikubwa vikiwa nyuma. Maboma hayo nayo yalipangwa kwa duara kubwa la kijiji, madogo karibu na lango la kijiji, makubwa nyuma. Duara la maduara, na mpangilio wake una maana ya heshima: nyuma ndiko kwa wakubwa. Wachoreshe wanafunzi kijiji hicho kwa penseli, kwa sababu baadaye watakiandikia msimbo.

Kanga usiiache. Nitairudia, maana inafundisha kitu kingine kilicho muhimu vilevile.

Kobe

Kwa darasa la sekondari natumia Python. Inakuja na kobe wake, yaani moduli iitwayo turtle, na ukishasakinisha Python kwa flashi hutahitaji intaneti tena. Wazo lenyewe lilikulia kwenye Logo, lugha ya kompyuta iliyobuniwa mwaka 1967 na Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wally Feurzeig kwa ajili ya watoto. Papert aliamini kwamba mtoto huelewa mwendo wa kobe kwa sababu anaujua mwendo wa mwili wake mwenyewe. Mfuate: toa darasa nje, mwanafunzi mmoja awe kobe, wenzake wamwamuru kwa hatua na nyuzi mpaka achore mraba mchangani. Kwa shule ya msingi, Scratch inafaa zaidi. Ina toleo la kuwekwa kwenye kompyuta bila intaneti, inaweza kuwekwa kwa Kiswahili, na ina kalamu ya kuchorea.

Kuna maandalizi mawili ambayo ukiyasahau yatakula kipindi kizima. Kwenye baadhi ya mashine za Linux dirisha la kobe halifunguki mpaka uongeze kifurushi cha python3-tk, kwa hiyo jaribu kila mashine siku moja kabla. La pili, mkataze kila mtu kuhifadhi faili lake kwa jina la turtle.py. Python italiona faili hilo kwanza, itadhani ndilo lenye kobe, na mwanafunzi atapata makosa yasiyoeleweka hata kama msimbo wake ni sahihi.

Huu ndio mti wenyewe. Uandike ubaoni, nao wauchape kwa vidole vyao, usiwagawie faili.

from turtle import *

def tawi(urefu, ngazi):
    if ngazi == 0:
        return
    forward(urefu)
    left(30)
    tawi(urefu * 0.7, ngazi - 1)
    right(60)
    tawi(urefu * 0.7, ngazi - 1)
    left(30)
    backward(urefu)

speed(1)
left(90)
tawi(100, 7)
done()

Majina wanayojitungia yawe ya Kiswahili: tawi, urefu, ngazi. Python haijali, na mwanafunzi anatofautisha papo hapo kipi ni cha lugha ya mashine na kipi ni chake.

Kinachowatatiza ni kwamba amri ya tawi inajiita yenyewe ndani yake. Maelezo ya mdomo hayatoshi. Andaa kadi, mwite mwanafunzi mbele, mpe kadi ya urefu 100 na ngazi 3. Anapiga hatua, anageuka kushoto, kisha anamwita mwenzake na kumkabidhi kadi ya urefu 70 na ngazi 2. Tangu hapo yeye hasogei. Anasubiri. Wa pili anapiga hatua, anageuka, anamwita wa tatu mwenye kadi ya urefu 49 na ngazi 1. Wa tatu naye anamwita wa nne, ambaye kadi yake inasema ngazi 0. Huyu hafanyi lolote isipokuwa kutamka "nimerudi" na kukaa. Ndiye lile jani dogo la mlonge. Wa tatu akisikia hivyo anageuka kulia, anamwita mwingine wa ngazi 0, anasikia "nimerudi", ananyoosha mwelekeo, anarudi nyuma hadi alipoanzia, na yeye ndipo aseme "nimerudi". Mchezo ukiisha, yule wa kwanza kabisa ndiye wa mwisho kukaa.

Ucheze mara mbili na wachezaji tofauti. Katikati ya mchezo simamisha na uulize: nani anasubiri nani? Darasa likiweza kujibu bila kusita, umemaliza sehemu ngumu kuliko zote za somo hili.

Baada ya hapo ndipo waendeshe programu, kobe akienda polepole. Usiharakishe kuchora. Lazima waone kwamba kobe anamaliza upande wote wa kushoto, hadi kijiti cha mwisho, kabla hajagusa wa kulia. Wengi hutarajia mti ukue ngazi kwa ngazi kutoka chini, na mshangao wanaoupata pale ni sehemu ya somo.

Makosa yatakayotokea

Kosa linalokuja mara nyingi ni kusahau mstari wa backward, au kugeuka nyuzi zisizolingana. Kobe hakurudi alipotoka, au amerudi akiwa anatazama kwingine, na mti unatawanyika skrini nzima. Kabla hujalisahihisha, litazame: picha iliyotoka kwa kosa hilo wakati mwingine ni nzuri kuliko mti. Mwambie mwanafunzi aihifadhi kwa jina lake, kisha aeleze ilitokeaje, kisha ndipo arekebishe. Kanuni ya kuwafundisha ni hii: amri ikimaliza, kobe awe pale alipokuwa na atazame kule alikokuwa akitazama.

Kosa la pili ni kuondoa ile if. Wafanye makusudi. Kobe atajizungusha sehemu moja kwa muda, kisha Python itagoma, kwa kawaida baada ya amri kujiita karibu mara 1000. Waulize jani dogo la mlonge liko wapi kwenye programu hiyo, na watajibu wenyewe.

Nafasi za kuanzia mstari utazisahihisha mpaka uchoke. Wazoee kutumia nafasi nne kila ngazi, na mwenzake aliyekaa pembeni ndiye azikague.

Kuhusu kukaa pamoja: kompyuta moja kwa wanafunzi watatu inatosha, mradi kila mmoja awe na kazi. Mmoja anachapa, mmoja anasoma kutoka ubaoni na kukagua, wa tatu anatabiri na kuandika utabiri wake kwenye daftari kabla programu haijaendeshwa. Wabadilishane kila dakika kumi na tano. Ukiacha hivihivi, kibodi itabaki kwa aliye na kompyuta nyumbani, na wasichana wengi watakuwa watazamaji.

Namba zigeuke uamuzi

Mti wa nyuzi 30 na 0.7 ni wa ubaoni, wa kila mtu. Sasa kila mmoja atafute wake. Badilisha 30 iwe 15 na 60 iwe 30, mti unasimama wima na kubana. Ziwe 90 na 180, mti unatoweka na kuwa mistari ya pembe mraba tupu. Shusha 0.7 hadi 0.5, matawi yanasinyaa. Upande wa kulia uwe 0.8 na wa kushoto 0.6, upepo unavuma. Sheria yangu ni moja: badilisha namba moja tu kwa wakati, na utabiri kabla ya kuendesha. Anayebadilisha tatu kwa pamoja hajui kipi kimefanya nini.

Ngazi ziongezwe kwa tahadhari. Ngazi 7 ni vipande 127, ngazi 10 ni 1,023, ngazi 15 ni 32,767. Waliobishana kuhusu pembetatu 81 wataelewa mara moja kwa nini mashine imechelewa. Hapo wafundishe kuandika tracer(0) kabla ya mchoro na update() baada yake, ili kobe achore kimyakimya na picha itokee nzima.

Kisha unene na rangi. Mstari wa pensize(ngazi) kabla ya forward unafanya shina kuwa nene na vijiti vyembamba. Rangi ina mtego wake: ukisema ngazi za juu ziwe kahawia na ya mwisho iwe kijani, utaona mstari wa kijani umepita juu ya shina. Ni kobe, anapaka rangi ya majani anaporudi nyuma. Anyanyue kalamu kwa penup() kabla ya backward, na kuishusha kwa pendown() baada yake.

Mwisho ni nasibu. Mti wa mwalimu umelingana kushoto na kulia kupita kiasi, na hakuna mwembe ulio hivyo. Mwanafunzi achague pembe ya kushoto kwa randint(15, 45) na aihifadhi kwa jina k, ya kulia vivyo hivyo kwa jina u, kisha ageuke left(k), right(k + u), left(u). Akitumia namba mpya kila anapogeuka bila kuihifadhi, kobe hatarudi kwenye mwelekeo wake. Akipata mti anaoupenda na anataka kuupata tena kesho, aweke seed(7) mwanzoni, au namba nyingine yoyote. Amri hii na randint zote zinatoka kwenye moduli ya random. Nasibu itumike kidogo. Molnár alisogeza miraba yake kiasi kidogo tu, na kidogo hicho ndicho kinachofanya jicho lirudi kuitazama tena.

Kanga ya kila mmoja

Sasa tunairudia kanga, kwa kazi ya mwisho. Kanga ina pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Kwa mwandishi wa programu, pindo ni kitanzi: umbo moja linarudiwa kwa ukubwa uleule hadi kona, kobe anageuka, anaendelea. Mji ndipo pa fraktali: nyota ya Koch, pembetatu ya Sierpiński, mti, au kijiji cha Waila kwa maduara ndani ya duara. Jina linaandikwa kwa amri ya write. Kazi moja imebeba marudio na fraktali pamoja, na mwanafunzi anaiona tofauti yake kwenye kitambaa anachokijua tangu utotoni.

Kanga halisi ina takriban sentimita 150 kwa 110, kwa hiyo dirisha la setup(750, 550) linatoa uwiano sawa. Weka mipaka: rangi zisizidi tatu, maneno yawe ya mwanafunzi mwenyewe na yasiwe yaliyokwisha kuandikwa kwenye kanga za dukani, na umbo la pindo litokane na umbo la mji. Mpaka huo wa mwisho ndio unaowasumbua, na ndio unaotenganisha kazi iliyofikiriwa na iliyorundikwa. Aliyechora mji wa nyota ya Koch anaweza kuchukua mstari mmoja wa hatua ya pili na kuufanya pindo. Aliyechora mti achukue kijiti cha ngazi mbili.

Wengi watajaza. Watataka ngazi 12, rangi zote, nyota kila kona. Mwambie mwanafunzi atengeneze nakala ya pili yenye ngazi tatu pungufu, aziweke kando kwa kando, na achague. Uamuzi ni wake, lakini aone.

Kwa kusahihisha, usitoe alama kwa uzuri peke yake. Mwanafunzi alete matoleo matatu yanayotofautiana kwa namba moja, jina la kazi, na sentensi chache za kueleza kwa nini alichagua hili na kuyaacha yale mawili. Kisha keti naye dakika mbili, onyesha mstari mmoja wa msimbo wake na uulize: hii 60 nikiifanya 40, itakuwaje? Achore jibu kwa penseli kabla ya kuendesha. Aliyenakili kwa mwenzake, au aliyetoa msimbo wote kwenye intaneti, hujulikana hapo bila kumshutumu, na aliyeelewa hujibu hata kama kazi yake haikupendeza machoni.

Kuchapisha: picha ya skrini ndiyo rahisi, kwa sababu faili ambalo kobe hulitoa mwenyewe ni la PostScript na duka la stesheneri huenda lisiweze kulifungua. Mistari myeusi kwenye karatasi nyeupe hupunguza gharama ya wino, na rangi inaweza kutiwa kwa mkono. Bandikeni kazi mahali wazazi wanapopita, kila moja na msimbo wake chini yake.

Kwa watakaotaka zaidi

Watakuwepo, na watakuuliza kuhusu ile picha maarufu ya Mandelbrot, aliyoichora kwa kompyuta mwaka 1980 alipokuwa mtafiti wa IBM. Usiwaambie wasubiri hadi kidato cha sita wajifunze namba changamano. Wape kikokotoo na kanuni hii: chagua namba c, anza na 0, kila mara zidisha namba uliyonayo kwa yenyewe, halafu jumlisha c. Kwa c = 1 unapata 0, 1, 2, 5, 26, na imekimbia. Kwa c = -1 unapata 0, -1, 0, -1, na haitoki hapo kamwe. Wajaribu 0.25: inapanda polepole kuelekea 0.5 na haiipiti. Wajaribu 0.26: inaonekana imetulia, wanakaribia kukata tamaa, kisha baada ya hatua kama 30 inaruka na kupotea. Namba ikishapita 2 haina kurudi. Picha ile ni hesabu hii tu, iliyofanywa kwa kila nukta ya ubao, na nukta zisizokimbia zikapakwa nyeusi.

Python inazijua namba changamano tayari, hivyo z = z*z + c ndiyo kanuni nzima. Waanze na nukta 200 kwa 200, hatua 50 kwa kila nukta, wakichora tu zile zilizobaki, na tracer(0) iwe imewekwa. Wakipanda hadi 400 kwa 400, kazi inakuwa mara nne, na kwenye mashine za zamani za maabara ni vyema waiendeshe kabla tu ya mapumziko ya chai.